Kuihamisha Kompyuta ya Nyumbani Kutoka Windows 10: Mwongozo kwa Wenzangu wa Kisumu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwezi wa Julai 2015 na ambao bado naukuta katika nyumba nyingi za Kisumu, kuanzia Milimani hadi Nyalenda. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinachapisha, zinafungua eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kuonyesha video kama zilivyozoea, na ndiyo maana watu wengi hawajashughulika. Hata hivyo, kila dosari ya usalama inayogunduliwa tangu siku ile inabaki wazi kwenye mashine isiyopata masasisho, na mashine hiyo hiyo ndiyo tunayoitumia kujaza ritani za KRA, yaani mamlaka ya kodi, kuingia katika akaunti ya benki na kuhifadhi vyeti vya watoto.

Kubadilisha mfumo kwenyewe si kazi ngumu. Sehemu kubwa ni kubofya na kusubiri. Kazi iko kabla ya hapo, na nimeona watu wakiiruka. Miaka michache iliyopita dada yangu mkubwa alipeleka laptopu yake kwa fundi mmoja ili awekewe mfumo mpya. Alirudishiwa jioni ikiwa nyepesi na safi, na alipofungua folda ya picha akakuta haina kitu. Picha za miaka miwili ya mwisho ya baba yetu zilikuwa humo na hazikuwa mahali pengine popote. Fundi hakumwuliza kama ana nakala, naye dada hakujua kwamba kuna swali la kuulizwa. Kwa hiyo msomaji atanisamehe nikikaa sana kwenye nakala na stima, na kupita haraka kwenye yale ambayo kompyuta itakuelekeza yenyewe.

Kuijua mashine yako

Anza kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha uandike winver na ubonyeze Enter. Kidirisha kidogo kitakuonyesha toleo ulilo nalo. Rudia hatua hiyo ukiandika msinfo32, nawe utapata ukurasa mrefu wenye mambo matatu ya kunakili kwenye karatasi: jina la prosesa (sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta), kiasi cha ramu (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea), na mstari unaoitwa BIOS Mode, ambao utasema ama UEFI ama Legacy. Bayosi ni programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows; UEFI ni aina yake ya kisasa, Legacy ni ya zamani. Mara ya tatu andika tpm.msc, uone kama kompyuta ina TPM na kama toleo lake ni 2.0. TPM ni sehemu ndogo ya usalama inayotunza funguo za siri za kompyuta, na Windows 11 haikubali kuwekwa kwa njia ya kawaida bila hiyo.

Masharti ya Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, ni haya: prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ramu ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, bayosi ya aina ya UEFI yenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi unaozuia programu isiyoaminika kuwaka kabla ya mfumo), na TPM 2.0. Kwa maoni yangu GB 4 ni kidogo mno kwa kazi ya kila siku. Mashine itakubali mfumo, lakini utaketi ukiingoja kila unapofungua ukurasa wa pili. GB 8 ndicho kiasi ninachokishauri.

Kikwazo kikubwa kwetu ni prosesa. Laptopu nyingi tunazonunua ni zile zilizokwisha kutumika ofisini huko Uingereza na kwingineko, zikaletwa huku kwa makontena na kuuzwa kwa jina la ex-UK. Ni mashine imara, nami naandika haya kwenye mojawapo. Lakini kwa upande wa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha nane au cha baadaye, na kwa AMD inataka, kwa jumla, Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kizazi cha Intel husomwa kwenye nambari inayofuata i3, i5 au i7. Kwa i5-6300U tarakimu ya kwanza ni 6, kwa hiyo ni kizazi cha sita. Kwa i5-8350U ni cha nane. Kwa i5-10210U soma tarakimu mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi.

Jirani yangu wa Manyatta, mwalimu wa shule ya msingi, aliniletea HP EliteBook 840 G3 aliyoinunua kwa akiba ya mwaka mzima. Nilipomwonyesha nambari ya prosesa alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Baba Atieno, ina maana nimeuziwa kitu kibovu?"

"Hapana, Mwalimu," nikamjibu. "Mashine ni nzima. Ni mlango wa Windows 11 tu ndio umefungwa kwake, na kuna mlango mwingine."

Mlango huo nitaufikia hapo chini. Kwa sasa niseme hili kwa anayejiandaa kununua: mwombe muuzaji aiwashe mashine mbele yako na afungue msinfo32. EliteBook 840 G3 na 840 G5 zikiwekwa bega kwa bega zinaweza kuonekana kama ndugu, lakini ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha sita na ya pili kwa kawaida ina ya kizazi cha nane, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua utatumia mfumo gani kwa miaka ijayo. Kibandiko cha "i5" kilicho karibu na kibodi hakitakuambia hivyo.

Ikiwa prosesa yako inafaa lakini tpm.msc inasema hakuna TPM, usikate tamaa haraka. Mara nyingi ipo ndani ya prosesa lakini imezimwa. Ingia kwenye bayosi, kwa F10 kwenye HP nyingi, F2 kwenye Dell, au F1 kwenye ThinkPad, ukibonyeza mara tu mashine inapowaka, na utafute katika sehemu ya usalama maneno TPM, PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, kisha uiwashe. Kabla ya kugusa bayosi, hakikisha kwamba BitLocker, yaani ule ufungaji wa diski kwa siri, imesimamishwa au unao ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48. Kompyuta yenye BitLocker ikihisi mabadiliko katika bayosi huweza kukataa kufunguka hadi uipatie ufunguo huo, na ukikosekana, faili zako zimekwenda. Kwa mwenye akaunti ya Microsoft, ufunguo mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo mtandaoni. Uandike kwenye karatasi, na karatasi isikae ndani ya mkoba wa laptopu.

Nakala, kabla ya kitu kingine chochote

Nakala ya kweli ni ile iliyo kwenye chombo kingine, uliyoifungua ukaona inafunguka. Folda iliyonakiliwa kutoka eneo-kazi kwenda sehemu ya D ya diski ile ile si nakala, kwa sababu fundi akifuta diski yote, au diski yenyewe ikifa, C na D huondoka pamoja. Nunua diski ya nje ya USB. Flashi inafaa kwa vitu vichache, lakini flashi za bei nafuu zinazouzwa barabarani nyingine huandikwa ukubwa ambao hazina. Huonekana kupokea faili zote, na unapokuja kuzifungua, nusu yake hazisomeki.

Chomeka diski hiyo na ufungue folda yenye jina lako ndani ya C, kwenye Users. Nakili Documents, Pictures, Desktop, Downloads na Videos. Usidharau Desktop na Downloads: kwa watu wengi ninaowasaidia, vitu vyenye thamani kubwa viko huko, kwa sababu barua ya kazi ilipakuliwa kutoka kwa barua pepe na haikuhamishwa tena. Kisha uulize maswali ambayo folda hazijibu. Je, kuna programu ya hesabu za duka au za chama inayoweka data zake mahali pake yenyewe? Fungua programu hiyo na utumie amri yake ya kutoa nakala. Je, barua pepe husomwa kwa Outlook yenye faili ya PST, yaani faili inayohifadhi barua zenyewe? Itafute na uinakili. Je, nywila zako zote zinakumbukwa na kivinjari na si na wewe? Hakikisha kivinjari kimeunganishwa na akaunti unayoweza kuingia ukiwa kwenye simu, au nakili zile nywila muhimu kwenye daftari: ya barua pepe, ya iTax (tovuti ya KRA), ya eCitizen na ya benki. Andika pia orodha ya programu ulizoziweka, na zile zenye nambari ya leseni uinakili nambari hiyo.

Sasa ichomoe diski ya nje kwa utaratibu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya cyber unayoiamini, na ufungue faili tatu au nne kutoka kila folda: picha ya zamani kabisa, hati ndefu, video moja hadi mwisho wake. Mwalimu yule alipofanya hivyo tuligundua kwamba folda ya mitihani ya muhula wa pili ilikuwa na majina ya faili lakini kila faili ilikuwa na ukubwa wa KB 0. Kunakili kulikatika katikati alipogusa kebo iliyolegea, naye alikuwa amefunga ujumbe wa hitilafu bila kuusoma. Tulinakili upya folda hiyo peke yake, kwa dakika nne. Kama tungegundua baada ya diski kufutwa, tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Stima, betri na bando

Anayeishi kando ya ziwa anajua jinsi alasiri ya masika inavyobadilika: wingu linakusanyika, radi inapiga, na stima inapotea kabla tone la kwanza halijagusa bati. Kompyuta inayozimika ghafla katikati ya kubadilisha mfumo inaweza kurudi yenyewe ilipoanzia, na mara nyingi hurudi, lakini inaweza pia kubaki haiwaki. Anza asubuhi, siku ambayo tokeni zinatosha na hakuna taarifa ya kukatwa kwa umeme mtaani kwako.

Mwenye laptopu asiiamini betri kwa mazoea. Fungua dirisha la amri (bonyeza Windows na R, andika cmd), andika powercfg /batteryreport, na kompyuta itaunda ripoti na kukuambia imeiweka wapi. Ndani yake tafuta mistari miwili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo ilio nao sasa ikijaa. Katika laptopu zilizokwisha kutumika mara nyingi nakuta namba ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza. Betri ya namna hiyo inaweza kudumu dakika arobaini mashine ikiwa imetulia na dakika kumi na tano ikifanya kazi nzito, na kubadilisha mfumo ni kazi nzito. Mwenye kompyuta ya mezani hana betri kabisa, kwa hiyo aazime UPS, yaani betri ya akiba ya kuchomekea kompyuta, kwa siku moja. Hata iliyo ndogo itampa nafasi ya kuvumilia kupepesa kwa stima, ijapokuwa haitamfikisha mbali ikiwa mtaa mzima umeingia gizani. Radi zikianza kabla hujaanza, ahirisha. Chomoa na kebo ya mtandao pia, kwa maana umeme wa radi huingia hata kwa njia hiyo.

Faili ya kuweka Windows 11 inazidi GB 5, na baada yake hufuata masasisho mengine. Tenga bando la GB 10 au zaidi, au nenda mahali penye waifai ya kasi usiku mmoja kabla, upakue faili na uirudishe nyumbani kwenye flashi. Ukitumia intaneti ya simu, angalia kama Windows imeuweka muunganisho huo katika kundi la mitandao inayopimwa matumizi (metered), kwa kuwa ikiwa hivyo huenda ikakataa kupakua, ukabaki unashangaa kwa nini asilimia hazisogei.

Ikiwa mashine inafaa Windows 11

Njia iliyo salama zaidi ni ile iliyo ndani ya Windows 10 yenyewe. Futa vitu usivyovihitaji hadi uwe na nafasi ya GB 30 hivi kwenye diski C, chomoa printa na flashi zote, kisha uende kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho ya Windows. Mashine inayofaa huonyeshwa pale pale kwamba Windows 11 iko tayari. Ukibofya kukubali, upakuaji huanza ukiwa bado unaendelea na kazi zako, na mwishoni huombwa kuiwasha upya. Kuanzia hapo usiiguse. Skrini itakuwa nyeusi, asilimia zitasimama mahali pamoja muda mrefu, na mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Kwenye diski ya SSD, ile ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka, kwa kawaida ni kazi ya saa moja au mbili. Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuchukua nusu ya siku. Wengi huiharibu kompyuta kwa kukosa subira katika hatua hii, wakibonyeza kitufe cha kuzima kwa sababu asilimia hazijasogea kwa dakika ishirini.

Ukiweka kwa njia hii hulipi chochote, na leseni ya Windows 10 iliyo halali huhamia yenyewe. Asije mtu akakuuzia "leseni ya Windows 11" kwa kazi hii.

Ikiwa msinfo32 ilionyesha Legacy badala ya UEFI ilhali prosesa inafaa, kuna hatua moja ya katikati. Windows 10 ina chombo kiitwacho mbr2gpt kinachobadilisha mpangilio wa diski bila kufuta faili. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika kwanza mbr2gpt /validate /allowFullOS, na ikikubali bila lawama andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Kisha ingia kwenye bayosi na ubadilishe Legacy kuwa UEFI, la sivyo mashine haitaiona diski yake. Nimeifanya mara nyingi bila tatizo, lakini ni hatua ambayo singeigusa bila nakala niliyoijaribu.

Njia ya pili ni flashi. Microsoft hutoa bure, kwenye tovuti yake, programu ya kuunda flashi ya kuwekea mfumo, nayo inahitaji flashi ya GB 8 au zaidi na hufuta kila kilichomo. Ukiichomeka flashi hiyo ndani ya Windows 10 inayoendelea kufanya kazi na kufungua faili ya setup, utaulizwa unataka kubaki na nini. Chagua kubaki na faili zako pamoja na programu. Ukiiwasha kompyuta kwa kutumia flashi badala ya diski, hapo unaweka mfumo upya kabisa, na kila kitu kwenye sehemu utakayoichagua kitafutwa. Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo ambayo fundi wa dada yangu hakumweleza.

Ikiwa mashine haifai

Utasikia kwamba kuna namna ya kuilazimisha, na ni kweli kwamba zipo namna kadhaa za kuruka ukaguzi wa prosesa na TPM. Sizipendekezi kwa kompyuta ya familia. Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizofaa hazina haki ya kupata masasisho, na tukihama Windows 10 kwa ajili ya masasisho, hakuna faida ya kuhamia mahali ambapo yanaweza kukatwa siku yoyote. Mbaya zaidi ni zile nakala za Windows zilizochezewa zinazosambazwa kwenye flashi. Huwezi kujua aliyezichezea aliongeza nini, na mashine iliyowekwa nakala kama hiyo si mahali pa kuandika PIN wala nywila ya benki.

Anayehitaji muda wa kujipanga anaweza kujiandikisha kwa masasisho ya ziada ya Windows 10, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani yalitangazwa kuendelea hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kiungo cha kujiandikisha kiko kwenye ukurasa wa masasisho wa Windows 10 toleo la 22H2, na malipo ni dola 30 za Marekani, au hakuna malipo kabisa ikiwa utaruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Hiyo ni ahueni ya muda tu.

Mlango niliomwambia Mwalimu ni Linux Mint. Ni mfumo endeshi wa bure, halali, usiohitaji leseni, na toleo la 22, lililotoka Julai 2024, linaahidiwa masasisho hadi mwaka wa 2029. Linaweza kukaa kwenye mashine yenye ramu ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa, na kwa mashine dhaifu kuna sura nyepesi iitwayo Xfce. EliteBook ya kizazi cha sita yenye ramu ya GB 8 na SSD huliendesha bila kutoa jasho.

Linalonipendeza zaidi ni kwamba unaweza kulijaribu kabla ya kuamua. Pakua faili yake ya ISO, yaani mfumo mzima ndani ya faili moja, ambayo haifiki GB 3 kwa toleo la kawaida, kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe. Kabla ya kuitumia, ihakikishe: kwenye dirisha la amri la Windows andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe mfululizo wa herufi na tarakimu utakaoupata na ule uliochapishwa kwenye tovuti. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili iliharibika njiani, jambo la kawaida kwa intaneti inayokatika, na ni lazima uipakue tena. Iandike ISO hiyo kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kuikokota faili tu hadi kwenye flashi hakutoshi, kwani mashine haitawaka kutoka humo.

Washa kompyuta ukibonyeza F9 kwenye HP au F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, chagua flashi, na baada ya dakika chache utaona Mint ikifanya kazi kutoka kwenye flashi, diski yako ikiwa haijaguswa. Hapo ndipo pa kuuliza maswali yote. Waifai inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha sura? Printa inachapisha? Ukifunga kifuniko na kukifungua tena, mashine inaamka? Fungua Firefox uingie eCitizen. Fungua hati zako za Word kwa LibreOffice, ambayo huja nayo, utazame kama mistari na majedwali yamekaa mahali pake. Hati nyepesi hukaa vizuri, zenye mapambo mengi huweza kusogea. Faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, ndizo za kuangaliwa kwa makini kuliko zote, na ikiwa kazi yako inazitegemea, au inategemea programu ya Windows isiyo na mwenzake, basi Mint si yako kwa sasa. Mwalimu alitumia jioni mbili akijaribu kabla ya kuamua, na sikumharakisha.

Ukiridhika, bofya mara mbili alama ya kuweka mfumo iliyo kwenye eneo-kazi. Swali pekee linalohitaji moyo uliotulia ni lile la diski: kufuta yote na kuweka Mint peke yake, au kuiweka kando ya Windows ili uchague kila unapowasha. Mwenye shaka abaki na zote mbili kwa miezi michache, ilimradi Windows ya zamani isitumiwe kwa benki. Weka pia alama kwenye kisanduku cha kodeki za sauti na video, la sivyo baadhi ya video hazitacheza. Kuweka kwenyewe, kwenye SSD, huchukua muda wa kupika ugali na kuandaa mboga yake.

Neno la kando kuhusu SSD: ikiwa kompyuta yako bado ina diski inayozunguka, ibadilishe kwanza, kabla ya mfumo. Hakuna shilingi utakayoitumia kwenye mashine ya zamani itakayoleta tofauti kubwa kuliko hiyo, na diski uliyoitoa unaweza kuinunulia kasha la USB ikawa chombo cha nakala.

Wiki ya kwanza

Mfumo mpya ukishawaka, ruhusu masasisho yote yapite kabla ya kurudisha faili. Kwenye Windows 11, kagua kwamba antivairasi iliyo ndani imewashwa. Kwenye Mint, fungua Timeshift na uiambie ihifadhi picha ya mfumo kila wiki, ili siku sasisho likivuruga kitu uweze kurudi nyuma. Kumbuka tu kwamba Timeshift hulinda mfumo na si hati zako. Rudisha faili folda kwa folda, ukifungua baadhi kadiri unavyoendelea, kisha uchapishe ukurasa mmoja na kupiga simu moja ya video, kwa sababu ni afadhali kugundua draiva (programu inayoendesha kifaa kama printa) inayokosekana Jumamosi kuliko Jumatatu asubuhi mtu akikusubiri.

Aliyehamia Windows 11 akiwa amebaki na faili zake ana siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa zamani, kupitia mipangilio, sehemu ya kurejesha. Ndani ya siku hizo usifute folda ya Windows.old hata kama nafasi imebana, kwa kuwa ndimo mfumo wa zamani ulimowekwa. Tumia kila programu unayoitegemea, hata ile ya mara moja kwa mwezi, kabla siku hizo hazijaisha.

Diski ya nje yenye nakala usiifute mfumo mpya unapoanza kuzoeleka. Dada yangu sasa anazo mbili: moja iko kwenye kabati lake Mamboleo, na nyingine iko kwangu, na kila mwisho wa mwezi anapokuja tunabadilishana.